Teimosa Bila Mkuku

Tarehe 2 Julai

Nimezoea kuandika safari: upepo, mzigo, nani kapanda, nani kashuka. Sasa chombo kimelala mwambani na mimi niko nchi kavu, lakini mkono hauna habari hiyo. Kila jioni unatafuta kalamu. Basi niuache uandike.

Upepo: kaskazini-mashariki, wa kawaida. Mawingu: hakuna.

Teimosa, chombo changu, amegonga mwamba siku ya Mtakatifu Yohane. Kijiji chote cha Covoada kilikuwa juu kanisani, ngoma zinalia, na bahari ikainuka yenyewe bila upepo, kama inavyofanya mara moja moja. Kamba ya nanga ilisagika kwenye jiwe ikakatika. Tuliposhuka tulimkuta amelala ubavu juu ya mwamba, kila wimbi linamnyanyua na kumpigiza tena. Mbao tatu za ubavu wa kushoto zimeingia ndani. Na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini unaobeba chombo kizima, umepasuka kuanzia katikati hadi karibu na usukani.

Marehemu baba ndiye aliyemwita Teimosa, yaani mkaidi, kwa sababu alikataa kugeuka siku ya kwanza kabisa. Ni mdogo, upepo ukiwa mpole mtu mmoja anammudu, lakini ndiye anayetuunganisha na mji wa Mindelo, kisiwa cha ng'ambo. Mimi bila yeye si kitu. Mtu wa Covoada asiye na chombo ana mlango mmoja tu, nao ni meli ya kwenda kisiwa cha São Tomé, akavune kakao ya watu. Kaka yangu Virgílio aliondoka kwa mkataba wa miaka mitatu. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Naogopa. Nimeandika, basi.

Tarehe 5 Julai

Tumempandisha. Kijiji chote kimevuta, na Mama Xanda, mjane mzee kuliko sote, ametuimbia ili tuvute pamoja.

Tumemweka korongoni. Ufuko wetu ni mawe matupu na mawimbi hayapumziki, mahali pekee pa tambarare ni mdomo wa korongo, pale linapomwaga maji yake baharini. Yaani lingemwaga, kama lingekuwa nayo. Haijanyesha mvua ya maana kwa miaka mitatu. Watoto wanachezea mpira humo, Mama Xanda anaanika nguo humo, na Barnabé, jirani yangu, amejenga zizi lake la mbuzi humo humo, juu kidogo. Kwa hiyo niliposema tumweke korongoni, hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa. Ni leo jioni tu, nilipokuwa nakata kabichi za Firmina, mke wangu, ndipo nilipokumbuka korongo ni kitu gani.

Tarehe 8 Julai

Fundi amefika na wavuvi kutoka Mindelo. Anaitwa Tiofe, mtu wa kisiwa cha Brava, na kabla hajashusha sanduku lake la vifaa tulishasikia habari za meli zote alizounda na magavana wote waliompa mkono. Alimzunguka Teimosa, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akachoma kisu kwenye mkuku. Kisu kilizama hadi mpinini.

"Huo mwamba umekufanyia hisani, bwana Landim," akasema. "Mkuku ulishaoza huu. Ungekukatikia katikati ya bahari na watu ndani."

"Hatuwezi kuuziba?"

"Kuuziba? Mimi si fundi viatu. Unatoka wote, unaingia mwingine."

"Mpaka lini?"

"Septemba hivi. Mwishomwisho."

Nikamwambia mvua huja Agosti. Alicheka mpaka Barnabé akaja kutoka zizini kuuliza kuna nini.

"Huyu jirani yako anaogopa mvua," Tiofe akamwambia. "Hapa! Covoada!"

Barnabé alimsimamia binti yangu ubatizo, kwa hiyo tunaitana compadre, na haki ya kunicheka anayo tangu siku hiyo. Akaitumia. "Compadre, ukiiona hiyo mvua naomba uniamshe. Nina mbuzi wa miaka miwili hajui maji yanaanguka kutoka juu, nataka aone."

Sasa kijiji kizima kinajua kwamba Landim anaogopa mvua. Firmina ameambiwa kisimani.

Tarehe 9 Julai

Upepo: kaskazini-mashariki. Mawingu: hakuna. Namshukuru Mungu na namwomba radhi.

Tarehe 14 Julai

Mkuku wa zamani umetoka. Tiofe alikata misumari mikubwa ya chuma mmoja mmoja, nami nilikuwa chini nikipokea vipande. Sipendi kukaa chini ya chombo. Teimosa sasa amesimama juu ya miega, ile miti ya kuegemeza, sita kila upande, na chini yake hakuna kitu. Ukiinama unaona ng'ambo. Kila nikipita pale nakanyaga polepole, utadhani mwenyewe anasikia.

Tarehe 15 Julai

Firmina ameanza kupanda. Huku tunapanda vumbini: unachimba kishimo kwenye udongo mkavu kama majivu, unatupa punje za mahindi na maharage, unafunika kwa kisigino, unangoja. Mvua ikija inaikuta mbegu mahali pake. Isipokuja, umewalisha ndege.

"Umeacha akiba?" nikamwuliza.

"Nimwachie nani? Panya?"

"Ungeacha kidogo tu, Firmina."

Akasimama, mkono kiunoni. "Miaka mitatu tunakula mahindi ya kupimiwa kwa kikombe. Nimepanda yote. Wewe kazi yako kusema amina, basi. Nimekupa kazi ngumu?"

Nikasema amina. Kisha nikashuka korongoni, nikamwona Teimosa amening'inia na mwanga unapita chini yake, nikaomba dua ya pili, kinyume cha ile ya kwanza. Sijui huko juu wanazipangaje.

Tarehe 21 Julai

Mti wa mkuku umekuja kutoka Mindelo, umevutwa nyuma ya mashua. Mrefu wa kutosha haukupatikana, ni miti miwili. Tiofe ataiunganisha kwa mkato mrefu wa mshazari, ulalo juu ya ulalo, na anasema pale patakuwa na nguvu kuliko kwingine kote. Anachonga kwa tezo tangu asubuhi, analaza kipande juu ya chenzake, anachungulia mwanga, anatikisa kichwa, anaondoa unyoya mmoja wa mbao. Siku nzima unyoya.

Nadhani anakula chakula changu kwa raha. Upepo: ule ule. Mawingu: moja, dogo, juu ya mlima. Lilipotea.

Tarehe 28 Julai

Maandamano ya kuomba mvua. Mama Xanda amekuja mlangoni mwenyewe. "Landim, kila nyumba inatoa watu wote. Wewe utabeba msalaba mdogo."

Nimebeba. Tumepanda mpaka kanisani juani, miguu mitupu juu ya mawe, wanawake wanaimba sauti zimekauka. Nilichezesha midomo. Firmina alikuwa pembeni yangu na alijua, mke wa miaka thelathini anajua midomo yenye sauti na isiyo na sauti. Tulipofika nyumbani akaniuliza:

"Hivi ikinyesha leo, utalia?"

"Mkuku haujafungwa, mke wangu. Maji yakishuka yanambeba."

"Na isiponyesha tunakula nini? Tutatafuna mkuku?"

 Kinachonitisha ni kwamba ana haki na mimi bado nataka jua.

Tarehe 3 Agosti

Kaskazini-mashariki. Hakuna.

Tarehe 4 Agosti

Kaskazini-mashariki. Hakuna. Namwomba radhi.

Tarehe 9 Agosti

Upepo umekufa. Moshi wa jikoni unapanda wima. Watu wametoka nje kuutazama huo moshi, wanatabasamu, maana ni dalili ya mvua. Nimemwuliza Tiofe kama tunaweza kumburuta Teimosa hata hatua chache, pembeni, juu ya ule ukingo wa mawe.

"Bila mkuku? Atafunguka kama kikapu," akasema. "Tulia, bwana. Nimeunda vyombo Brava chini ya mvua inayopasua vichwa. Mimi nipo."

Nilifarijika. Mtu anayejisifu sana angalau hajaogopa.

Tarehe 17 Agosti

Upepo wa kusini. Joto zito. Mkuku mpya umewekwa chini yake juu ya magogo, umeshikwa kwa misumari miwili tu upande wa mbele. Nyuma bado. Mbao mbili za ubavu zimekunjwa kwa moto na maji ya bahari, zimekaa. Ya tatu imepasuka tulipoikunja, tunaanza upya.

Barnabé amepita na maziwa. "Compadre, uso wako ndio kipimo cha hewa. Ukinuna tunajua mvua ipo njiani. Leo umenuna vizuri sana." Nikayapokea maziwa. Siku hizi simpendi, na namlipa vipi mtu anayenicheka huku ananipa maziwa?

Tarehe 20 Agosti

Imekuja jana. Mikono imechubuka, naandika polepole.

Asubuhi hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Adhuhuri mlima ulipotea. Haukufunikwa na wingu tu, haukuwepo kabisa. Mimi na Tiofe tulikuwa tunatoboa tundu la tatu kwa keekee. Tone likaanguka kwenye mkono wangu, kubwa, la joto. Jingine likaanguka vumbini likafanya kishimo. Halafu kijiji kikapiga kelele.

Walitoka wote. Wanawake walivua vitambaa vya kichwa, watoto walijilaza chali midomo wazi, Mama Xanda alipiga magoti njiani na matope yakaanza kumfanyika magotini. Nilimwona Firmina pale juu kwenye ukingo wa shamba lake, mikono ameinua, anazunguka kama msichana wa miaka kumi na sita. Nilimpenda mno wakati ule. Nilisimama na keekee mkononi.

"Si kitu," Tiofe akasema. "Manyunyu."

Kisha tukasikia. Kwanza nilidhani ni ngoma. Ilikuwa mbali, juu, ndani ya korongo, mlio wa mawe yanayosagana. Barnabé alikuwa ameshafika zizini kwake, ameshika lango, anataka kulifungua awaswage mbuzi wapande ukingoni. Nikageuka kumwambia Tiofe ashike kamba ya mbele. Hakuwepo. Alikuwa juu ya mwamba na sanduku lake la vifaa amelikumbatia, na hata sikumwona akipanda.

Maji hayakuja kama maji. Ulikuja ulimi wa kahawia, mnene, unasukuma vijiti, mavi ya mbuzi, na kiatu kimoja. Ulipita miguuni mwangu polepole kabisa. Nikawaza: kumbe ni hivi tu. Nyuma yake yakaja ya magotini, yana mawe ndani yake.

Mwega wa kwanza ulitoka ukaelea. Wa pili ukafuata. Teimosa akainama upande wangu, na nikasikia ile misumari miwili ya mbele ikilia. Nilizungusha kamba kwenye jiwe kubwa, nikajitupa juu yake, lakini kamba moja inashika kichwa tu, mkia ulikuwa unaanza kwenda baharini.

Ndipo nikamwita Barnabé. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwita kwa jina lake, mara mbili, kwa sauti ya mtoto. Nilimwona mkono wake uko kwenye lango. Alitazama mbuzi. Alinitazama mimi. Akaliacha lango.

Alikuja mbio ndani ya maji, akapita chini ya mkia wa Teimosa, akaweka bega. "Lete kamba!" akanguruma. "Lete kamba, mbwa wewe, usinitolee macho!" Nikamtupia. Wakaja na wengine, Firmina sketi amefunga kiunoni, wanaume, watoto wakubwa, hata Mama Xanda akaketi juu ya mkia wa kamba na uzito wake wote mdogo. Nilikuwa nimeshika ubavu, maji kifuani, na nyuma ya kelele ya maji nilisikia mbuzi. Walilia kwa muda. Kisha nikaacha kuwasikia.

Mvua ilikatika ghafla, kama ilivyoanza. Maji yalipungua mpaka magotini, mpaka vifundoni, yakabaki matope. Teimosa amelala ubavu juu ya magogo, kichwa chake mahali pake, mkuku mpya chini yake umepinda kidogo tu. Hakuna aliyeumia. Bahari ilikuwa nyekundu kwa tope mbali sana, na mle katika wekundu kulikuwa na vitu vyeupe na vyeusi vinaelea.

Barnabé aliwatazama akakuna shingo. "Wamekwenda Mindelo," akasema, "bila nauli." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Halafu akaketi chini kwenye matope, akakaa hivyo mpaka mkewe akaja kumchukua.

Tarehe 21 Agosti

Tiofe ameshuka kwenye mwamba, amekuja kazini. Nimekwenda kwa Barnabé. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ukiniomba msamaha nitakupiga," akasema. "Mahindi yataota. Nitanunua mbuzi wengine kwa mahindi. Kaa ule."

Nikakaa nikala cachupa yake, mahindi na maharage ya kuchemsha, isiyo na nyama. 

Tarehe 27 Agosti

Kijani. Covoada yote imetoka kijani, mpaka kwenye nyufa za kuta. Firmina ananishika mkono kunionyesha, mche kwa mche, kama vile ni wageni anatutambulisha. Nimefurahi kweli. Lakini mahindi yanahitaji mvua ya pili mwanzoni mwa Septemba, na mimi nahitaji wiki nne. Nimeshajua korongo lina nini ndani yake. Nikiona wingu nakwenda kukaza kamba.

Tarehe 2 Septemba

Kaskazini-mashariki. Hakuna.

Tarehe 5 Septemba

Mkuku umefungwa wote. Tiofe alipiga msumari wa mwisho mwenyewe, ukiwa mwekundu kutoka motoni, na hakujisifu. Aliponipa nyundo niishike alisema, bila kunitazama, "Brava sikuwahi kuona maji yale. Mvua ya Brava ni uongo niliokuambia." Nikamwambia mimi mwenyewe ningepanda mwamba kama ningewahi kuuona. Tukanywa grogue kidogo, pombe yetu ya miwa.

Kaskazini-mashariki. Hakuna. Leo nimesahau kushukuru.

Tarehe 10 Septemba

Upepo umegeuka wa mashariki, una vumbi la jangwa la Afrika bara ndani yake. Jua ni sahani nyeupe. Majani ya mahindi yamejikunja kama sigara. Firmina anabeba maji ya kisimani kwa debe, anamwagia mche mmoja mmoja, jirani zake wamemwambia kisima kitakauka, ameacha.

Tarehe 11 Septemba

Mashariki. Vumbi. Hakuna.

Tarehe 12 Septemba

Hakuna.

Tarehe 13 Septemba

Nimejaribu kuomba mvua. Nimekwenda peke yangu mpaka kanisani juu ili nisisikike. Nilipofungua mdomo niliona ule ulimi wa kahawia na mkia wa Teimosa unaanza kwenda. Maneno hayakutoka. Nilishuka nikiwa namwogopa Mungu kuliko korongo, maana huenda alinisikia vizuri mwezi wa saba.

Tarehe 17 Septemba

Mbao zote zimezibwa kwa pamba, na juu yake chokaa iliyopondwa na mafuta ya papa. Tumemjaribu. Unamimina maji ya bahari ndani ya chombo kikiwa nchi kavu, unazunguka nje kutazama panapovuja. Wanawake walibeba ndoo kutoka ufukweni, sikuwaomba, walikuja tu. Hawana shamba la kwenda.

Palivuja mahali pawili, matone. Kwenye mkuku, kwenye ule mkato wa mshazari, hapakutoka hata unyevu. Tiofe alipitisha kidole akanionyesha, kikavu. Mama Xanda alisimama akiangalia maji yote yale ndani ya Teimosa. Akasema, "Tungekuwa tunaweza kunywa hayo." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema tu.

Tarehe 22 Septemba

Teimosa yuko majini. Walikuja wote kumsukuma na hakuna aliyeimba. Ameelea wima, mwepesi, anageuka ukimgusa. Havuji. Nilizunguka naye ghuba mara moja nikarudi. Nilitaka kulia kwa furaha na nilipotazama ufukoni, watu walikuwa wameshageuka kupanda nyumbani, na nyuma yao mlima wote ulikuwa na rangi ya mkate.

Firmina amekata mahindi leo, majani matupu, kuwapa watu wenye punda.

Tarehe 24 Septemba

Tiofe ameondoka na wavuvi. Amenikumbatia. Korongo ni tupu.

Tarehe 29 Septemba

Wavuvi wameleta habari kwamba meli ya São Tomé imetia nanga Mindelo, na bwana wa mikataba anaandika watu. Nimeisikia habari hiyo nikiwa nashona tanga. Niliendelea kushona. Nilijichoma sindano mara mbili.

Tarehe 3 Oktoba

Barnabé amekuja kukaa mlangoni kwangu. Hakutania, na hapo nikajua.

"Compadre, Jumatatu unavuka?"

"Sijui. Naona upepo kwanza."

"Tuko kumi. Mimi na mke wangu, na wale wa nyumba za juu. Mama Xanda anasema naye anakuja, atapika huko mashambani. Tumemkatalia, hasikii."

"Baki," nikamwambia. "Uwe baharia wangu. Chombo ni chako nusu, wewe ndiye uliyemshika. Tutabeba mizigo pamoja, tutakula pamoja."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo ambayo sikuweza kuivumilia. "Utabeba nini, Landim? Mahindi ya nani? Watu wakishaondoka, utabeba nini?"

"Nikikataa kuwavusha?"

"Tutazunguka kwa miguu mlimani mpaka bandari ya upande wa pili. Siku mbili, na Mama Xanda mgongoni." Akasimama akajipangusa. "Afadhali tuende na chombo ninachokijua mkuku wake."

Firmina alikuwa ndani, alisikia yote. Nilimwuliza nifanye nini. Akasema, "Wavushe. Na uendeshe taratibu, mke wa Barnabé hutapika." Kisha akageukia ukuta.

Tarehe 6 Oktoba

Upepo: kaskazini-mashariki, mzuri. Mawingu: hakuna. Waliopanda: kumi. Walioshuka: kumi.

Niandike na mengine. Teimosa hajawahi kwenda hivi. Mkuku unashika maji, hayumbi, usukani unaushika kwa vidole viwili. Watu kumi wameketi chini katikati, na uzito wao umemweka wima kabisa. Niliogopa kila kitu: mawimbi ya katikati, kamba, macho yao. Waliongea mambo ya kawaida. Mke wa Barnabé alitapika. Mama Xanda alilala amemwegemea.

Gatini Mindelo walishuka na mafurushi wakasimama foleni bila kugeuka, isipokuwa Barnabé. Alirudi mpaka ukingoni, akaweka mkono juu ya ubavu wa Teimosa, pale kwenye mbao mpya.

"Miaka mitatu, compadre," akasema.

Nikasema, "Miaka mitatu." Sikumtaja Virgílio, naye hakumtaja.

Nilitaka kuondoka papo hapo. Nilipandisha tanga, nikatoka nje ya gati, na upepo wa kwanza ukamlaza Teimosa mpaka maji yakaingia. Alikuwa mtupu. Chombo kitupu hakivuki, kinapinduka, hilo kila mtu analijua na mimi nilikuwa nimelisahau. Nikarudi upande wa ufuko wa mawe. Mzigo wa kurudi nao Covoada sikuwa nao, na hakuna mtu aliyekuwa akienda huko.

Basi nikapakia mawe. Niliyabeba moja moja mpaka mgongo ukakataa, nikayapanga katikati, chini, pale walipokuwa wameketi. Niliendelea mpaka Teimosa akakaa majini kama alivyokaa asubuhi. Nilijua kwa macho kwamba yametosha.

Tarehe 7 Oktoba

Nimefika mchana. Firmina alikuwa ufukweni peke yake, maji ya magotini, ameshika kamba niliyomtupia.

"Umeleta nini?" akauliza.

"Mawe."

Alichungulia ndani.  Kisha akapanda, akainua la kwanza, akanipa, nami nikalishusha majini, na tukaendelea hivyo mpaka yakaisha.